Nilibatizwa nikiwa mchanga, sasa naambiwa nizame majini

Mama wa Himbi, Goma
Wapendwa, hodi. Nina miaka 58, Mkatoliki tangu tumboni: komunyo, kipaimara, Legio ya Maria kila juma, ndoa mwaka 1989 katika Katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ile iliyomezwa na lava Januari 2002. Baada ya kufiwa na mume, binti yangu aliyeolewa kwa Wabatisti akawa ananipeleka kwao. Nilifuata wajukuu, nikanaswa na mafundisho ya Jumatano. Mtu anauliza swali, hachekwi. (Biblia yao ina vitabu 66, yangu 73. Naibeba hivyo hivyo na kitabu changu cha Tobiti, ambacho yao haina, wamenizoea.)

Sasa mchungaji anasema ili nishiriki Meza ya Bwana nibatizwe kwa maji mengi, kwani mtoto mchanga hakukiri imani mwenyewe. Maji ya Ziwa Kivu siyaogopi. Namwogopa mama, ana miaka 81. Alinibeba mgongoni kwa miguu toka Sake ili nibatizwe. Nikizamishwa, si ni kumwambia alitembea bure? Na misa ya mume wangu kila tarehe 2 Novemba, nani ataiomba?

Baba Kadutu, Bukavu
Mama, mimi nilivuka kwa Wabatisti mwaka 2011. Kosa langu: baba alisikia kwa jirani wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki mtaani. Hakunisemesha toka Pasaka hadi Noeli! Nenda mwenyewe, kabla hujashona nguo nyeupe. Usiende na mistari ya Biblia, nenda na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Na usidanganywe kuhusu marehemu: Wabatisti hawawaombei. Mimi Novemba inaniuma hadi leo.

Katekista mstaafu
Dada, kwetu ubatizo ni mmoja, haufutiki wala haurudiwi. Hata ukizamishwa, Kanisa litahesabu ule wa kwanza. Basi mama yako hakutembea bure, mwambie hivyo. Misa ya marehemu, mtu yeyote wa familia anaweza kuiomba. Ila ningekuwa wewe, ningeketi na padri kwanza.

Mama wa Himbi, Goma
Asanteni. Nimekwenda jana na sambaza zangu. Sijafungua mdomo, mama akauliza: «Huko kwa Wabatisti, rozari unaiacha mlangoni?» Kumbe wajukuu walishasema yote. Hakukubali, hakukataa. Ameniomba nimsindikize misa ya kwanza Jumapili hii. Nitaenda. Ile Biblia yenye Tobiti ameniambia nisiwaachie.