Roxburghe Club na jalada la Roxburghe: vinahusianaje?

Rafu ya Juu: Wakuu, katalogi za mnada huandika "jalada la Roxburghe" hata kwa kitabu ambacho hakikutolewa na Roxburghe Club ya London, klabu ya wakusanyaji wa vitabu adimu. Ni mtindo wa kujalidi au ni alama ya klabu? Na ni kweli klabu hiyo ilizaliwa ghafla kwenye mnada?

Gundi na Uzi: Ni mtindo ulioanzia kwa klabu, kisha wajalidi wengine wakauiga. Utazame hivi: ngozi iko mgongoni tu, pembe hazina ngozi. Mgongo ni laini, hauna vile vitutuko vya kamba za kushonea kurasa, na jina la kitabu limeandikwa kwa dhahabu. Pande zimefunikwa kwa karatasi au kitambaa. Ukingo wa juu una dhahabu ili vumbi lifutike kwa urahisi. Kingo mbili zilizobaki huachwa bila kukatwa. Udhaifu wake uko palepale kwenye muundo: pembe zisizo na ngozi hupondeka mapema, na karatasi ya pande huchubuka kila kitabu kinapochomolewa rafuni. Ukikuta pembe kali kama mpya, angalia kama ubavu haujafunikwa upya.

Kwa hiyo jalada peke yake si ushahidi. Fungua kurasa za mwanzo utafute orodha ya wanachama. Nakala ya mwanachama huwa na jina lake limechapwa kwa wino mwekundu, wenzake kwa mweusi.

Dau la Mwisho: Kuhusu "ghafla", hapana. Mnada wa maktaba ya John Ker, Duke wa tatu wa Roxburghe, ulifanyika 1812 nyumbani kwake St James's Square, ukachukua zaidi ya siku 40. Kila mtu alijua siku kubwa ni 17 Juni, siku ya Decameron, kitabu cha hadithi cha Mwitaliano Boccaccio kilichochapwa na Valdarfer, Venice, 1471, ambayo iliaminika kuwa nakala pekee kamili. Thomas Frognall Dibdin, mtaalamu wa vitabu, aliwaalika wenzake kula pamoja jioni hiyo siku kadhaa kabla. Earl Spencer alifika pauni 2,250, Marquess wa Blandford akaongeza 10 tu akaondoka nacho. Usiku watu 18 wakakaa mezani St Alban's Tavern, Spencer, aliyeshindwa, akiwa ndiye mwenyekiti, na hapo ndipo klabu ilipoanzia! Bei hiyo haikupitwa na kitabu kingine cha chapa kwa miongo mingi.

Na Spencer hakukaa mikono mitupu. Blandford alielemewa na madeni, maktaba yake ikapigwa mnada 1819, na kitabu kikaangukia kwa Spencer kwa pauni 918 na shilingi 15. Leo kiko John Rylands Library, Manchester.

Rafu ya Juu: Basi kama ilikuwa karamu, uchapishaji uliingiaje?

Gundi na Uzi: Kwa sharti moja: kila mwanachama achapishe kwa gharama yake kitabu au hati ya mkono iliyo adimu, awagawie wenzake. Cha kwanza kilitoka 1814, cha William Bolland. Idadi ya nakala ilifuata idadi ya wanachama, ndiyo maana vya mwanzo ni haba mno. Nakala za ziada kwa watu wa nje zilikuja baadaye; wanachama wenyewe hawazidi 40.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba mwenye fedha si lazima awe msomaji mzuri wa hati. Dawa ilikuwa kuajiri mjuzi: Havelok the Dane, shairi la kale la Kiingereza lililotolewa 1828, alipewa Frederic Madden alihariri kutoka hati ya Bodleian, maktaba ya Oxford, na thamani ya kitaaluma ya vitabu vya klabu ikapanda kuanzia hapo. Mimi ningeanza na hicho kuliko vya 1814–1820, ambavyo vingi ni marudio ya vijitabu vidogo.

Dau la Mwisho: Naongeza tu kwamba mwandishi Walter Scott, aliyeingia Roxburghe 1823, alianzisha Bannatyne Club mwaka huohuo kule Edinburgh kwa mfumo uleule. Usiichanganye Roxburghe na Grolier Club ya New York, iliyoanzishwa 1884: ile ina jengo, maktaba na maonyesho, wala haimlazimishi mwanachama kugharimia kitabu.