Mama ameacha dawa ya damu kwa kuwa "moyo umetulia". Nimwambieje?

Kitindamimba:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Naomba msaada kabla sijagombana na mama.

Mama ana miaka 72. Presha anayo tangu nikiwa shule, na sukari iligunduliwa miaka sita iliyopita. Mwaka jana akaanza kusema moyo unarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Akapimwa kipimo cha umeme wa moyo, tukaambiwa ni atriali fibrilesheni: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kudunda kwa mpangilio. Akapewa dawa ya kupunguza mbio za moyo, na apiksabani ya kuzuia damu isigande, 5 mg asubuhi na 5 mg jioni.

Jana asubuhi nilikuwa napanga dawa zake. Kopo la vidonge 60 tulilifungua tarehe mosi, na jana ilikuwa tarehe 24, kwa hiyo nilitegemea kukuta 14. Nikakuta 38. Nikavimwaga kitandani nikahesabu upya, 38 vilevile. Siku 12 hajaigusa ile dawa! Na kila jioni nikimpigia simu kumuuliza kama amemeza dawa, ananijibu amemeza. Nilipombana akaniambia hakusema uongo, za presha na za sukari alimeza, mimi sikumuuliza ni ipi.

Sababu zake alikuwa nazo tayari. Moyo umetulia, haurukiruki tena, sasa dawa ya nini? Fizi zilikuwa zinatoa damu akipiga mswaki, na mikononi kajaa alama za bluu kama mtu aliyepigwa. Mwezi uliopita aliteleza mlangoni mwa bafu, akaogopa kwamba siku akianguka vibaya damu haitakata. Na kuna rafiki yake aliyemwambia aspirini inafanya kazi ileile, kwa hiyo anameza hiyo, nusu kidonge, "ili usiseme sijali".

Je, aspirini inatosha kweli? Na kama arudie apiksabani, afidie vile alivyoruka au aendelee tu kama kawaida? Sitaki kumlazimisha mtu mzima aliyenilea, lakini usingizi umenipaa.

Bwana_Shwari:

Mwache mama apumzike, wazee wanajazwa dawa mno siku hizi. Babu yangu mzaa mama alimeza aspirini miaka kumi na akafa kwa uzee wake. Halafu hizo dawa za kulainisha damu si ndizo sumu ya panya?

Kifungo_cha_Tatu:

Mwanangu Kitindamimba, naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nivumilie nikichelewa kufika kwenye hoja.

Mimi fibrilesheni yangu ilikuwa ya kuja na kuondoka. Inakuja saa mbili tatu, inaondoka, nakaa hata mwezi mzima mzima wa afya. Nilikuwa na miaka 67 na presha. Nilipewa rivaroksabani, kidonge kimoja kila jioni pamoja na chakula. Nikaimeza vizuri kabisa hadi jino lilipoanza kunisumbua. Nikajiamulia mwenyewe, bila kumuuliza daktari wa meno wala wa moyo, kuacha dawa siku tatu kabla ya kung'oa. Baadaye niliambiwa kwamba kwa jino moja huenda nisingehitaji kuruka hata kidonge, au kimoja tu. Basi jino likatoka. Nikasema nisubiri kidonda kipone. Kidonda kikapona, nami nikaona moyo umetulia, nikasema nisubiri urukeruke kwanza.

Haukuruka. Wiki ya sita nilikuwa navaa shati, saa moja asubuhi. Kifungo cha kwanza kikaingia, cha pili kikaingia, cha tatu kikagoma. Nikakitazama. Vidole vya kushoto viko palepale kwenye kifungo lakini havinisikii. Nikacheka, wallahi, nikadhani nimelalia mkono. Mke wangu akaingia akaniuliza mbona mdomo umeenda upande. Nikamjibu, na maneno yakatoka kama ya mlevi.

Kosa langu kubwa si lile la jino. Kosa kubwa ni kwamba nilisema ngoja nijinyooshe kidogo, itapita. Nikalala. Mke wangu alinifikisha hospitali saa nane mchana. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Ipo dawa ya mshipa inayoyeyusha donge la damu, lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mimi nilikuwa nimekaa saa saba. Hesabu wewe.

Sasa kuhusu huko "kutulia". Mimi nilielezwa nikiwa kitandani, nikiwa na muda mwingi wa kusikiliza. Pembeni ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo kuna kijifuko kama kidole cha glavu. Chumba kikitetemeka badala ya kukamua, damu inadumaa mle ndani, na damu iliyodumaa huganda. Kwa watu wasio na ugonjwa wa valvu, yaani vile vilango vya moyo, madonge kama tisa kati ya kumi yanaanzia humo. Donge likichomoka linatoka kwa upande wa kushoto wa moyo, na huko njia moja inapanda moja kwa moja kichwani. Ndiyo maana mwenye ugonjwa huu hatari yake ya kiharusi inakaribia mara tano ya asiye nao. Na kiharusi cha aina hii mara nyingi ni kizito, kwa sababu donge la moyoni ni kubwa na linaziba mshipa mkubwa.

Sasa ile dawa ya mbio anayomeza mama inapunguza idadi ya mapigo yanayofika vyumba vya chini. Huko juu panaweza kuendelea kutetemeka vilevile, yeye asisikie kitu. Mimi baadaye nilibandikwa kimashine kifuani saa 24. Kikanasa fibrilesheni mara nne. Niliyoisikia ni moja.

Msimulie habari ya kifungo. Usimsomee takwimu.

Nesi_Mkongwe:

Pole sana Mzee Kifungo. Ungekuwa karibu ningekupeleka ukazungumze na wagonjwa wangu, maana mimi wameshanichoka. Nina miaka 19 kwenye kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda.

Bwana Shwari, umesema kweli nusu. Warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ilitokana na ng'ombe waliovuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza, huko Amerika ya Kaskazini miaka ya 1920. Ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu, kwa kipimo kidogo na kinachofuatiliwa. Apiksabani ni dawa nyingine kabisa. Tena hakuna hata moja inayolainisha damu, zinachelewesha tu kuganda. Jina hilo la kulainisha linawatisha watu, wanawaza damu kama maji ya bomba.

Binti, twende kwa mama. Sisi huwa tunahesabu pointi za hatari ya kiharusi. Presha 1, sukari 1, umri wa miaka 65 hadi 74 pointi 1. Tayari ana 3. Miongozo ya zamani humwongezea 1 kwa kuwa ni mwanamke. Ya Ulaya ya mwaka 2024 imeiondoa hiyo, lakini kwake haibadilishi kitu, kwani akishafika 2 dawa inapendekezwa. Akifika 75 umri peke yake utampa 2. Tazama vizuri: katika hesabu hiyo hakuna pahali panapouliza kama moyo umetulia leo. Fibrilesheni ya kuja na kuondoka nayo inahesabiwa.

Aspirini haitoshi, na hili ndilo linaloniumiza kila wiki. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwa wagonjwa ambao warfarini haikuwafaa au hawakuitaka. Wengine walipewa apiksabani, wengine aspirini. Waliopewa apiksabani walipata kiharusi chini ya nusu ya wenzao, na kuvuja damu kukubwa kulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Maana yake mama anabeba hatari ya aspirini bila kinga ya apiksabani. Huo ni mzigo bila mshahara.

Kuanguka: mwaka 1999 watafiti walikokotoa kwamba mzee angelazimika kuanguka kama mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya kuvuja damu kichwani izidi faida ya warfarini. Yeye kaanguka mara moja. Tengenezeni mlango wa bafu, dawa muiache. Ila akigonga kichwa, apelekwe hospitali hata kama anasema mzima.

Fizi na alama za bluu kwa kawaida haviui. Mswaki laini, na fizi zenyewe ziangaliwe. Vya kukimbizana navyo ni choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu. Lakini kabla ya yote, mkague mkoba. Anameza nini kwa ajili ya magoti? Wagonjwa wangu wengi wanaolalamikia alama za bluu nakuta wanameza diklofenaki au ibuprofeni kimyakimya, na hizo zikikutana na dawa hii, damu hutoka kwa urahisi.

Asifidie vidonge alivyoruka, asimeze viwili kwa mpigo. Mpigie daktari wake leo, si wiki ijayo. Apiksabani inaondoka mwilini ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo kwa sasa hana kinga yoyote. Na uulize jambo moja: valvu zake zilishapimwa? Mwenye valvu ya mitrali iliyobanwa kwa homa ya baridi yabisi, au aliyewekewa valvu ya chuma, dawa yake ni warfarini, si hizi mpya.

Mpole_77:

Samahani kudandia. Mimi niko kwenye warfarini kwa sababu ya valvu ya chuma. Niliambiwa niache mboga za majani kabisa. Ni kweli?

Nesi_Mkongwe:

Hapana, Mpole. Usiache, usizidishe ghafla. Mboga za majani zina vitamini K inayopingana na warfarini, kwa hiyo tunataka ule kiasi kilekile wiki hadi wiki, sisi tutapanga dozi kulingana na ulaji wako. Kinachotuvuruga ni mtu anayeacha mwezi mzima kisha anakula sahani tatu siku moja ya kabla ya kipimo. Kwa mwenye fibrilesheni tunalenga INR, kile kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kati ya 2 na 3. Wewe mwenye valvu ya chuma unaweza kuwa na lengo la juu zaidi, lishike lile uliloandikiwa.

Bwana_Shwari:

Nimeelewa, naondoa ushauri wangu. Babu hakuwa na ugonjwa wa moyo, sasa nakumbuka.

Kitindamimba:

Nimerudi. Asanteni nyote, na Mzee Kifungo nakushukuru kipekee.

Nesi, nilikagua mkoba. Diklofenaki, kadi nzima, vimebaki vidonge vitatu. Ameanza kuzimeza tangu magoti yalipozidi, na alama za bluu zilianza karibu siku zilezile. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa alikuwa na apiksabani na diklofenaki pamoja, kisha akaiacha ile inayomlinda akabaki na ile inayomchubua, akaongeza na aspirini juu. Nilikaa chini.

Nilipiga simu, tukaitwa siku ileile. Njia nzima mama ananiambia napoteza muda, moyo umetulia kama maji ya mtungini. Akapimwa. Mapigo 78 kwa dakika, hayana kasi, na fibrilesheni ipo palepale. Mama akasema mashine imekosea.

Daktari hakubishana naye. Alimpa ile karatasi ya mistari. Ni lazima niwaambie kwamba mama amekuwa fundi cherehani miaka arobaini. Akaivuta karatasi karibu na macho, akachukua kipande kingine cha karatasi, akaweka alama mbili za kalamu kwenye ncha mbili zinazofuatana, akakisogeza kwenye mbili zinazofuata. Hazikulingana. Akasogeza tena, hazikulingana. Akatufuata wote kwa macho, akasema, "Aliyepima vifungo hivi ningemrudishia kitambaa chake." Hapo ndipo nilipomsimulia kifungo cha tatu. Akanyamaza hadi nje.

Alijaribu kupunguza, lakini. Alimwomba daktari ameze kimoja kwa siku, au cha nusu nguvu, kwa kuwa yeye mwembamba. Ana kilo 58. Daktari akamweleza kwamba kipimo kinapunguzwa mtu akiwa na mambo mawili kati ya matatu: miaka 80 au zaidi, kilo 60 kushuka chini, au figo zilizochoka, yaani kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) 133 kupanda juu. Yeye ana moja tu, figo zilipimwa ziko sawa. Valvu nazo zilishapigwa picha mwaka jana, hazina tatizo. Kwa hiyo 5 mg mara mbili, aspirini basi, diklofenaki basi. Magoti apake dawa aliyoandikiwa, na tutarudi kuyashughulikia vizuri.

Tumekubaliana kijikasha chenye vyumba vya asubuhi na jioni. Simuulizi tena kama amemeza dawa. Namuuliza, "Chumba cha leo jioni kina nini?"

Mzee Kifungo, ana ujumbe wako. Anasema umtumie kipimo cha kifua na cha mabega. Anataka kukushonea shati lenye vifungo vya pambo kwa nje, ndani mkanda wa kunata, mtu avae kwa mkono mmoja.

Kifungo_cha_Tatu:

Kifua sentimita 102. Mabega nasubiri mke wangu arudi anipime, mwenyewe siwezi. Msalimie sana, na umwambie rangi achague yeye.