Waandamanaji na Magenge ya Wahuni: Tofauti Iko Wapi?

Mleta hoja (Ngamiani, Tanga):

Jioni moja barazani, mzee wetu mmoja alitoa kauli ambayo ningependa tuijadili, kwamba vijana wanaoandamana na genge la wahuni ni ndugu wa tumbo moja (nasema genge la wahuni, si lile tunakonunua nyanya), kwa sababu makundi yote mawili huzaliwa mtaani, hujipa jina na alama, na hushikamanishwa na adui mmoja. Nampinga, ila si katika kila jambo.

Kuhusu kuzaliwa kwa makundi hayo, mzee yuko sahihi kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Frederic Thrasher, mwanasosiolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1927 utafiti wake juu ya magenge 1,313 ya Chicago, alieleza kwamba genge huanza kwa vijana kujikusanya tu bila mpango, kisha ugomvi na walio nje ndio unaowafunga pamoja. Waandamanaji wengi nao hujuana siku ya kwanza ya mabomu ya machozi. Wala sare, vyeo na ushindani si dalili ya uhalifu, kwani hapa hapa Tanga vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na hayo yote, ingawa wakoloni hawakuacha kuvitilia shaka.

Ninapoachana naye ni hapa: genge linataka mtaa ubaki kama ulivyo, maana riziki yake imo katika hofu ya wakazi, ilhali mwandamanaji anataka jambo fulani libadilike. Kwa hiyo tusiulize kundi limeundwaje, tuulize linakula kwa nani. Mungiki, kundi la vijana nchini Kenya, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 ikihubiri kurudi kwenye mila za Wakikuyu. Ilipoanza kuwatoza wenye matatu fedha za lazima, mahubiri yakawa pambo. Wapo pia waliokwenda upande wa pili. Young Lords wa Chicago walikuwa genge la vijana wenye asili ya Puerto Rico, na mwaka 1968, wakiongozwa na José Jiménez, wakajigeuza kuwa chama cha kutetea makazi ya wanyonge, kikaja kuwa na kliniki ya bure. Vijana wengi walikuwa walewale.

Mchangiaji (Pangani):

Ndugu yangu, kipimo chako kinakwama Nairobi. Juni 2024 vijana walidai Muswada wa Fedha uondolewe, na tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Hata hivyo maandamano yaliendelea, sasa yakimtaka yeye mwenyewe aondoke. Siku hizo hizo wapo waliopora maduka. Je, mwenye duka atamuuliza mvunja mlango anakula kwa nani?

Tena umesahau kwamba jina hutolewa na mwenye nguvu. Huku kwetu, mwaka 1888, Abushiri bin Salim aliongoza watu waliokataa bendera na amri za kampuni ya Wajerumani. Wajerumani waliuita uasi wa Waarabu, wakauhusisha na biashara ya watumwa, na Desemba 1889 wakamnyonga papa hapa Pangani.

Mleta hoja:

Kuhusu Abushiri nakubali, na ni vyema umeniongezea. Kuhusu Nairobi, dai lililokua bado ni dai, hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni mwenye duka, kwa sababu sioni kwa nini mtu aliyevunjiwa mlango ndiye abebeshwe kazi ya kuchambua nani mwandamanaji na nani mwizi. Kazi hiyo naiona ni ya waandamanaji: genge humficha mwenzao aliyeiba, na waandamanaji wanaomficha wa kwao wamempa mzee wangu ushahidi wote anaouhitaji. Aliyekuwapo barazani jioni ile na kumwelewa mzee vingine, anisahihishe.