Tuliahidiwa nusu ya siku kwa Kichina, watoto wetu wanapewa dakika 40

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia muhula mzima na sasa uvumilivu umenishinda. Mwanangu yuko darasa la pili katika shule ya kutwa inayojitangaza kuwa ya lugha mbili, Kichina na Kiingereza. Siku ya kumwandikisha tulionyeshwa ratiba iliyoigawa siku katikati: asubuhi Hisabati na Sayansi kwa Kichina, mchana masomo mengine kwa Kiingereza, kila upande na mwalimu wake. Ratiba hiyo ndiyo iliyotufanya tukubali ada ambayo si ndogo hata kidogo. Mwalimu wa Kichina aliondoka katikati ya muhula, na tangu hapo Hisabati inafundishwa kwa Kiingereza, Sayansi hali kadhalika, huku Kichina kikibakiziwa kipindi kimoja cha dakika 40 baada ya chakula, saa ambayo watoto wanasinzia. Hatukuandikiwa barua wala kuitwa kikaoni. Mimi niligundua kwa kufungua madaftari.

Kichina hakisomwi kwa kudonoadonoa. Huko China kwenyewe, mtaala unamtaka mtoto anayeizungumza lugha hiyo nyumbani atambue herufi zipatazo 1,600 na aweze kuandika 800 kati yake anapomaliza darasa la pili. Wetu hawaisikii popote isipokuwa darasani. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria saa 2,200 za darasani ili mtu mzima akimudu Kichina kikazi. Pigeni hesabu wenyewe: dakika 40 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, ni saa 133 na ushei, yaani zaidi ya miaka 16 kuzifikia saa hizo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba "kipindi bado kipo" ananifanya mtoto.

Lililonichoma zaidi ni daftari la miraba la kufanyia mazoezi ya kuandika. Mwanangu aliandika neno "farasi", 马, kwa mistari 3, kila mmoja kwa zamu yake, kama alivyofundishwa tangu mwaka jana. Mwalimu wa muda akalikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake 馬, yenye mistari 10, bila neno la maelezo. Mtoto akaniuliza, "Mama, ina maana mwalimu wa kwanza alinifundisha uongo?" Hakufundishwa uongo. China ilianza kurahisisha maandishi yake rasmi mwaka 1956, ilhali Taiwan na Hong Kong zimebaki na maumbo ya zamani, na yote mawili ni sahihi. Simlaumu mwalimu huyo, kwa sababu aliingizwa darasani bila kukabidhiwa mpango wa masomo, wala hakuna aliyemweleza watoto wamefika wapi na wanatumia maandishi gani. Huo ni uzembe wa uongozi, na aliyeulipia ni mtoto wa darasa la pili ambaye sasa anaogopa kushika penseli.

Matangazo nayo yanatoka kwa lugha mbili zisizosema jambo moja: la Kiingereza lilitaja mtihani Alhamisi, la Kichina Jumanne.

Nilipokwenda kwa mkuu wa shule nilijibiwa kwamba watoto hushika lugha haraka. Hushika haraka wanayoisikia, mheshimiwa, na hii hawaisikii tena. Nimeandika barua kudai mambo mawili: tarehe ya maandishi ambayo Hisabati itarudi kufundishwa kwa Kichina na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, au turejeshewe sehemu ya ada inayolingana na vipindi vilivyofutwa. Nimeipeleka kwa mkono na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hii ni wiki ya tatu sijajibiwa.

Mzazi yeyote aliyewahi kuidai shule ratiba aliyoilipia, naomba aeleze hapa alianzia wapi, na kama kuna mahali pa kupeleka malalamiko nje ya ofisi ya mkuu wa shule.