Naomba ushauri: iPod ya kwanza kabisa ya 2001, nyimbo nazitoaje?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaovijua hivi vidude vya zamani. Mjomba aliishi Marekani miaka ile, karudi na iPod ya 2001 (kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki), ile ya kwanza kabisa ya GB 5, gurudumu lake linazunguka kweli kweli kwa kidole sio la kugusa kama zilizofuata. Kaniachia mimi, na anasema ndani kuna taarabu na dansi alizohamisha kutoka kwenye CD ambazo zenyewe zishapotea, ndo maana sitaki kukurupuka.

Shida ni waya. Haitumii USB wala ule mdomo mpana uliokuja 2003, ina tundu la FireWire (aina ya zamani ya waya wa kuunganisha na kompyuta) kwa juu na laptop yangu ya Windows haina hiyo kitu. Kwenye chaja yake ya ukutani inawaka fresh, ukiisogeza sikioni unasikia hadidiski inazunguka krrr halafu inatulia (hilo ni kawaida, inasoma nyimbo kadhaa inaziweka kwenye memori ya MB 32 kisha inapumzika kubana betri). Ila ukichomoa chaja tu kwisha habari.

Sasa kuna fundi Kariakoo anataka aifungue, atoe hadidiski aweke memori kadi. Sawa, lakini nyimbo je? Halafu iliformatiwa kwa Mac (kompyuta ya Apple), Windows ikiomba kuiformati upya nikabonyeza si nyimbo zote zinafutika, ndo basi tena. Nitafute kwanza Mac ya zamani yenye FireWire au kuna njia nyingine? Na betri yake Dar inapatikana au mpaka niagize? Mwenye Mac kuukuu ya kuazima pia aseme, tutaelewana bei.