Gumzo la familia: Dada yuko mafunzoni

Mama: Mwanangu, umefika salama? Tangu jana kimya.

Mimi: Shikamoo mama. Nimefika salama, nisamehe. Simu tunaziweka kwenye kikapu mpaka vipindi viishe.

Mama: Marahaba. Unalala na nani?

Mimi: Tuko wasichana watatu chumbani, kila mmoja na nchi yake. Mmoja Kifaransa, mwingine Kiarabu. Tunaelewana kwa Kiingereza cha kuungaunga na mikono.

Shangazi: Haya, tupe habari. Mnafundishwa nini huko?

Mimi: Shikamoo shangazi. Jana tulisoma kifungu cha 1 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kila mtu kwa lugha yake. Huyu wa Kifaransa akasema kwao linaitwa azimio la haki za "homme", na neno hilo ni mtu, lakini pia ni mwanamume. Zamu yangu nikasoma: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Wakauliza, hao watu ni wanaume? Nikawaambia kwetu mtu ni mtu, awe mke awe mume. Wakaomba niwafundishe kulitamka.

Mimi: Kumbe hata rasimu ya Kiingereza ilianza na neno la wanaume. Hansa Mehta wa India, mjumbe wa tume ya Umoja wa Mataifa iliyoandika azimio hilo, ndiye aliyesimamia neno libadilishwe liwe binadamu wote. Azimio likapitishwa Paris, tarehe 10 Desemba 1948.

Shangazi: Marahaba. Huyo mama Mungu ambariki.

Baba: Vizuri. Ila wajibu mmefundishwa? Vijana mnarudi na haki mdomoni, wajibu mmeuacha hukohuko.

Mimi: Shikamoo baba. Umo, kifungu cha 29: kila mtu ana wajibu kwa jamii yake. Na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wa 1981, wajibu umepewa sura nzima. Kuwaheshimu wazazi na kuwatunza wakihitaji kumeandikwa mle.

Baba: Marahaba. Hapo sawa.

Mimi: Lakini zoezi la leo ndilo halinitoki. Tulipanga mstari mmoja, kila mtu na kikaratasi cha maisha ya mtu mwingine. Changu: mkimbizi asiye na hati. Mwezeshaji anasoma sentensi, ikiwa kweli kwako unapiga hatua. "Ukiugua unamwona daktari." "Huogopi ukimwona polisi." Wenzangu wanaondoka, mimi nimesimama. Mwisho nilikuwa naona migongo tu. Aliyekuwa mbele kabisa alisema hakugeuka nyuma hata mara moja, akalia.

Mama: Maskini.

Mimi: Kulikuwa na sentensi hii pia: "Wakubwa wanakuuliza kabla ya kuamua jambo lako."

Kitindamimba: Mimi hapo nisingesogea.

Mama: Wewe! Kwa nini?

Kitindamimba: Bweni. Nilijua nahama siku mliponinunulia godoro.

Shangazi: Mtoto haulizwi pa kusoma. Sisi nani alituuliza?

Kitindamimba: Samahani shangazi.

Mimi: Usiombe radhi, mdogo wangu. Shangazi, kwa heshima zote, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, hausemi mtoto ndiye aamue. Unasema asikilizwe katika yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na upeo wake. Uamuzi bado ni wenu. Nami nilikosa, godoro nililiona, sikumuuliza chochote.

Mama: Nilidhani anafurahi. Alikuwa kimya tu.

Shangazi: Kimya cha mtoto nacho. Haya, mimi nimesikia.

Baba: Kitinda, uko wapi?

Kitindamimba: Chumbani, baba.

Baba: Njoo sebuleni. Mama yako naye anakuja. Simu ziacheni huko.

Mimi: Nami naweka yangu, kikapu kinapita. Nitawatafuta kesho jioni.