Brashi ya hewa ipi inafuata baada ya ile ya kuanzia?

Mpenda_Modeli: Habari za leo, wanajukwaa. Ninapaka modeli za plastiki, hasa magari ya kijeshi ya kipimo cha 1/35 na ndege za 1/72, kwa brashi ya hewa (kifaa cha kupulizia rangi) ya bei nafuu iliyokuja pamoja na kompresa yake ndogo. Kwa rangi ya msingi inatosha, lakini ninapotaka kupiga mabaka ya kamuflaji yenye kingo laini, mstari hutoka mnene na vitone huruka kila ninapovuta triga. Nimesoma kuhusu brashi za Iwata Eclipse HP-CS, Harder & Steenbeck Evolution na Badger Patriot 105. Je, nitafute nozeli (kitundu cha kutolea rangi) ya milimita 0.2? Naishi Tanga na kifaa nitakiagiza kutoka nje, kwa hiyo nisingependa kununua mara mbili.

Fundi_Rangi: Ndugu, ukubwa wa nozeli usiwe kigezo chako cha kwanza. Wembamba wa mstari hutokana zaidi na ncha iliyonyooka ya sindano inayopita ndani ya nozeli, rangi iliyozimuliwa vizuri, presha ndogo ya takriban baa 1, na mkono uliozoea kusogea karibu na modeli. Nozeli ya 0.2 huziba upesi kwa rangi za akriliki, na kwa praima (rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine) au rangi zenye chembe za metali ni usumbufu mtupu.

Tazama zaidi jinsi nozeli inavyokaa. Katika brashi nyingi za bei nafuu hufungwa kwa spana ndogo kwenye hesi nyembamba mno, ambayo hukatika ukikaza kupita kiasi. Nozeli ya Eclipse, ya 0.35, hupachikwa tu na kushikwa na kifuniko chake, kwa hiyo kuitoa na kuisafisha hakuna hofu. Evolution nayo hufunguliwa kwa mkono bila spana, na hukubali seti za nozeli za ukubwa tofauti. Patriot ni imara sana, ila kwa nozeli yake ya 0.5 ningeiweka kwenye praima na rangi ya msingi. Kwa brashi hiyo, mabaka ya ndege ya 1/72 yatahitaji ustadi mkubwa. Kwa kazi uliyoieleza, mimi ningechukua Eclipse, na ningeagiza sindano na nozeli ya akiba katika mzigo huohuo.

Kabla ya kulipa, chomoa sindano uliyo nayo na uvute ncha yake taratibu juu ya ukucha, kuelekea nyuma. Ikikwaruza, imepinda, na hiyo peke yake hurusha vitone. Ukiona pia mapovu kwenye kikombe cha rangi, nozeli haikukaa sawasawa na hewa inapenya, au imepasuka.

Hewa_Kavu: Nakubaliana na Fundi, ila kwa mtu wa Tanga ningeanzia kwenye hewa. Kompresa isiyo na tangi hutoa hewa kwa mapigo, na unyevu wa pwani hugeuka maji ndani ya mpira wa kupitishia hewa. Kichujio cha maji kilichofungwa kwenye kompresa hukosa sehemu ya mvuke kwa sababu hapo hewa bado ni ya moto. Mvuke huo hupoa njiani na kuwa matone karibu na mkono wako. Funga kichujio kidogo cha pili chini ya brashi. Ili kuhakikisha, endesha kompresa kwa muda, kisha puliza hewa tupu juu ya kioo kikavu: matone yakionekana, brashi mpya haitayaondoa.

Sindano: Nyongeza fupi. Akriliki hukauka kwenye ncha ya sindano, hasa katika joto letu, kwa hiyo tia matone machache ya kichelewesha ukaukaji na ufute ncha mara kwa mara kwa brashi laini yenye thina. Na kama unatumia rangi za laka, hakikisha pete ya kuzuia uvujaji inayozunguka sindano ni ya PTFE (plastiki isiyodhurika na thina), kwa maana pete ya mpira wa kawaida huvimba kwa thina kali.

Mpenda_Modeli: Nawashukuru sana. Sindano yangu inakwaruza, na kioo nacho kimepata matone. Nitaagiza Eclipse pamoja na vipuri na kichujio cha pili, na kompresa yenye tangi itafuata fedha ikipatikana.